Kwa nini umbali wa angani una vipimo vingi: jibu refu kwa aliyeuliza

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mkupuo: kwa nini wanaastronomia hawatosheki na kilomita, kwa nini nyota ileile makala moja inaitajia miaka ya nuru na nyingine parseki, na wewe katika jedwali lako la nyota na galaksi ushike kipi. Waliotangulia wamekujibu kwamba kilomita zingeleta sifuri nyingi mno. Ni kweli, ila hilo ni jibu la juujuu. Sifuri hazimsumbui mtu mwenye kikokotoo. Mimi si msomi wa fani hii, ni mpenzi tu wa darubini, hasa nyota pacha, yaani nyota mbili zinazozungukana, na kwa kuwa nyota pacha hazina utamu bila hesabu, vipimo hivi nimeishi navyo miaka mingi. Nionavyo mimi, kila kimoja kinakueleza umbali ulipatikanaje. Ukilijua hilo, hata swali lako la tatu linajijibu.

Anza hapa karibu. Umbali wa Mwezi utaukuta kwa kilomita, wastani 384,400, na hakuna anayelalamika. Sababu ni kwamba tunaupima moja kwa moja: mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliacha vioo kule, tangu hapo watu wanavipiga kwa leza na kuhesabu muda wa mwangaza kwenda na kurudi. Kwa njia hiyo tunajua kuwa Mwezi unatukimbia kwa takriban sentimita 3.8 kwa mwaka. Ukiweza kupima kwa sentimita, kilomita ni halali yako.

Kwenye sayari mambo yalianza kinyume. Mwanaastronomia Mjerumani Johannes Kepler alionesha uhusiano kati ya muda wa sayari kulizunguka Jua na ukubwa wa njia yake, kwa hiyo watu walijua kwamba Mshtarii iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko Dunia, huku hawajui umbali wa Dunia yenyewe. Walikuwa na ramani nzuri isiyo na skeli. Ndiyo maana umbali wa Dunia na Jua ukawa ndio rula, yaani kizio cha astronomia, AU. Kutafuta skeli kulichukua vizazi. Mwaka 1672 wanaastronomia Cassini akiwa Paris na Richer akiwa Cayenne, Amerika ya Kusini, waliipima Mirihi kutoka pande mbili za Dunia. Mwaka 1761 na 1769 watu walisafiri hadi pembe za dunia kuitazama Zuhura ikikatiza mbele ya Jua. Kuanzia 1961 mawimbi ya rada yaliyorudi kutoka Zuhura yakamaliza ubishi mwingi. Na mwaka 2012 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukafunga mjadala: AU moja ni mita 149,597,870,700 kamili, kwa tamko. Kabla ya hapo thamani yake kwa mita ilikuwa kitu cha kupimwa.

Sasa parseki, ambayo umeiita "kipimo cha kujionesha". Hapa nakukatalia kabisa. Parseki ndicho kipimo cha kweli kuliko vyote vya nyota, kwa sababu ndicho kilicho karibu zaidi na kile ambacho darubini inakiona.

Nyoosha kidole mbele ya uso, kitazame kwa jicho la kulia, kisha la kushoto. Kinaruka ukilinganisha na ukuta ulio nyuma yake, na kadiri kinavyokuwa mbali ndivyo kinavyoruka kidogo. Dunia ikiwa upande mmoja wa Jua, na miezi sita baadaye upande wa pili, hayo ndiyo macho mawili. Nusu ya mruko huo wa nyota inaitwa paralaksi. Inapimwa kwa sekunde za tao, na digrii moja ina sekunde 3,600. Nyota ambayo paralaksi yake ni sekunde moja, umbali wake ni parseki moja. Basi. Gawa moja kwa paralaksi, umemaliza. Jina lenyewe lilipendekezwa mwaka 1913 na Mwingereza Herbert Hall Turner.

Hakuna nyota yoyote, ukiacha Jua, iliyo ndani ya parseki moja. Proxima Centauri, jirani yetu wa kwanza, ina paralaksi ya sekunde 0.768, yaani parseki 1.30. Elewa ugumu wake: mwanaastronomia Mjerumani Friedrich Bessel alipofanikiwa kupima paralaksi ya nyota 61 Cygni mwaka 1838, alikuwa anatafuta mtikisiko wa takriban theluthi moja ya sekunde ya tao. Alipata 0.314, thamani ya leo ni kama 0.286. Kwa vifaa vya wakati ule, mimi namvulia kofia.

Lakini raha ya parseki nimeionjea kwenye nyota pacha. Kwa kuwa parseki imejengwa juu ya AU, vipimo hivi viwili vinasemezana bila mkalimani: pembe inayotenganisha nyota mbili, kwa sekunde za tao, ukiizidisha na umbali kwa parseki, jibu linatoka kwa AU. Chukua Alpha Centauri. Nyota zake mbili kubwa zinazungukana katika njia ambayo nusu ya kipenyo chake kirefu inaonekana kwa pembe ya sekunde 17.5. Umbali wake ni parseki 1.33. Zidisha: AU 23.3. Sasa mrudie Kepler, ukitumia AU na miaka: kipeo cha tatu cha umbali, gawa kwa kipeo cha pili cha muda. Kipeo cha tatu cha 23.3 ni karibu 12,650. Muda wa kuzungukana ni karibu miaka 80, kipeo chake cha pili ni 6,400. Gawa, unapata kama 1.98. Hiyo ndiyo masi ya nyota zote mbili kwa pamoja ukilinganisha na Jua. Umezipima nyota uzito kwa kikokotoo cha simu! Jaribu hesabu hiyohiyo kwa kilomita na sekunde, uone utakavyojazana vigawe vya kubadilishia kabla hujafika popote.

Mwaka wa nuru hauna ujanja huo. Ni umbali ambao nuru inausafiri kwa mwaka mmoja, karibu kilomita trilioni 9.46, na parseki moja ni miaka ya nuru 3.26. Haukutokana na kipimo chochote cha darubini. Lakini sitaudharau, maana una kitu ambacho parseki haina: unakuambia umri wa habari unayoiona. Sirius iko miaka ya nuru 8.6, kwa hiyo mwanga uliokuingia jichoni usiku wa leo uliondoka kule miaka minane na ushei iliyopita. Bessel mwenyewe alipotangaza matokeo yake alieleza pia nuru inachukua miaka mingapi kufika, maana bila hivyo msomaji angebaki na pembe tupu. Na wanaoendesha vyombo vya angani wanahesabu hivyohivyo kwa vipande vidogo: Mirihi iko dakika za nuru kati ya 3 na 22 kutegemea ziliko sayari, Neptuni ni kama saa nne. Mtu anayesubiri jibu la chombo chake hana haja na parseki.

Kuna jambo moja linanikera kwenye makala za mtandaoni, na litakuhusu kwenye jedwali lako. Mtu anachukua umbali uliokadiriwa, anaubadilisha kuwa miaka ya nuru, kisha anaandika tarakimu zote zilizotoka kwenye kikokotoo. Unakuta "miaka ya nuru 652.27" kwa nyota ambayo wataalamu wenyewe wanapishana kwa miaka ya nuru mia na zaidi! Betelgeuse ndiyo mfano mzuri. Makadirio yake yanacheza kati ya miaka ya nuru 500 na 700 hivi, na sababu si uzembe: nyota yenyewe ni jitu, kiasi kwamba duara lake angani ni pana mara kadhaa kuliko paralaksi yake, na uso wake una mabaka yanayobadilika. Unapimaje mruko wa kitu ambacho upana wake unauzidi mruko wenyewe?

Halafu angalia kosa linavyotanuka unapogeuza. Paralaksi ikiwa milisekunde 5 za tao (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde), na shaka ya 1 juu au chini, umbali ni parseki 200. Ukichukua 6 unapata 167, ukichukua 4 unapata 250. Upande mmoja umeteleza parseki 33, upande mwingine 50. Kwenye data za chombo cha Gaia, kilichorushwa Desemba 2013 na kupima paralaksi za nyota zaidi ya bilioni moja, utakutana hata na paralaksi hasi. Usishtuke, hizo ni nyota za mbali ambazo shaka ya kipimo imezidi kipimo chenyewe. Ukigawa moja kwa namba hiyo utapata umbali hasi, upuuzi mtupu. Hata Kilimia, kundi la nyota ambalo kila mtu analiona kwa macho, iliwahi kuzua mzozo: chombo cha Hipparcos kiliiweka kwenye parseki kama 120, njia nyingine zikasema kama 135, na Gaia ikawaunga mkono hao wa pili.

Kwa hiyo kwa nyota, ushauri wangu: safu ya kwanza weka paralaksi na shaka yake, kama ilivyotoka kwenye katalogi. Parseki zihesabiwe na jedwali kutoka hapo. Miaka ya nuru iwe safu ya mwisho, ya kuwaonesha wageni, na uikadirie kwa kiasi ambacho shaka inaruhusu.

Galaksi ni habari nyingine. Za karibu hazina shida: Andromeda iko kama miaka ya nuru milioni 2.5, na hapo tumeshaachana na paralaksi, tunategemea nyota zinazopwita, yaani ambazo mng'ao wake hupanda na kushuka, ambazo Henrietta Leavitt aligundua uhusiano wa muda wa mpwito wao na mng'ao wao. Lakini kwa zile za mbali sana neno "umbali" lenyewe linaanza kuleta utata. Galaksi GN-z11 utaikuta sehemu moja imeandikwa miaka ya nuru bilioni 13.4, sehemu nyingine bilioni 32, na zote mbili ni sahihi. Ya kwanza ni muda ambao nuru imekuwa safarini. Ya pili ni umbali uliopo sasa, maana ulimwengu ulikuwa unatanuka njia nzima. Tena namba hizo mbili zinategemea kasi ya kutanuka unayoiamini, na huko bado wanavutana kati ya kama 67 na 73, kilomita kwa sekunde kwa kila megaparseki (parseki milioni moja).

Kilichopimwa hasa kwa galaksi kama hiyo ni mwanga wake umevutwa kuelekea wekundu kwa kiasi gani, herufi z. Kwa hiyo kwenye safu ya galaksi za mbali andika z peke yake, na ukitaka kuongeza miaka ya nuru, taja pembeni ni ipi kati ya zile mbili.