Maswali ya wasomaji: Pangaboi, helikopta na akili ya askari

Ndugu mhariri, mwalimu wetu wa filamu alituonyesha mwanzo wa *Apocalypse Now* ya mwaka 1979, filamu ya vita vya Vietnam, akasema kiwewe cha askari kimeelezwa pale bila mtu kueleza chochote. Mimi niliona moto, feni na mlevi. Kuna nini nisichokiona? (Msomaji, Morogoro)

Anza na masikio. Kinachotangulia ni panga la helikopta, likipiga polepole kuliko helikopta yoyote inavyopiga. Mbele yako kuna safu ya minazi iliyotulia, moshi wa manjano unapanda chini yake, helikopta inakatiza. Kwa karibu dakika nzima hakuna jambo. Mwimbaji wa bendi ya The Doors anapofungua kinywa tu, msitu wote unawaka napalm, yaani mabomu ya moto, na mlipuko wenyewe hauna sauti. Ulitegemea kishindo, unapata gitaa na lile panga. Mwongozaji Francis Ford Coppola amekwisha kukuambia kwamba moto huo haupo nje, umo kichwani mwa mtu.

Mtu huyo ni Kapteni Willard, anayeigizwa na Martin Sheen. Uso wake unajitokeza upande wa kushoto, kichwa chini, macho wazi, juu ya moto uleule. Kisha pangaboi la chumba cha hoteli mjini Saigon linaanza kuzunguka juu ya vyote viwili. Hapa ndipo penye kazi kubwa. Wahariri wangeweza kukata: chumba, msitu, chumba, nasi tungeelewa kuwa huyu anakumbuka ya zamani. Badala yake wamezipandanisha picha, hivyo zamani na sasa ziko kwenye fremu moja na hakuna iliyo nyuma ya mwenzake. Mwenye kiwewe hukumbwa hivyohivyo: tukio humrudia kama linatokea sasa.

Kamera inapita juu ya picha ya mwanamke, chupa, sigara na bastola kando ya mto wa kulalia. Helikopta halisi inapita juu ya hoteli, Willard anainuka, anapanua pazia la dirisha kwa vidole, na neno lake la kwanza ni jina la mji, likifuatiwa na tusi. Amekasirika kwamba yuko hapo, siyo msituni. Baadaye kidogo tunasikia kwamba alipokuwa nyumbani alitamani vita, na akiwa vitani anawaza nyumbani.

Ukiirudia, sikiliza dakika zinazofuata. Mbunifu wa sauti, Walter Murch, anazigeuza sauti za mtaani moja baada ya nyingine: filimbi ya trafiki inakuwa nyenje, honi zinakuwa ndege. Chumba machoni ni kilekile, ila masikioni tumeshafika msituni.

Niliitazama kwenye simu na haikunigusa. Tatizo ni langu? (Msomaji, Mombasa)

Ni la spika. Sauti ilichanganywa kwa ajili ya kumbi zenye spika mpaka nyuma, na helikopta ilisikika ikimzunguka mtazamaji. Spika ya simu haitoi besi, kwa hiyo panga lenyewe linapotea unabaki na gitaa. Vaa hedifoni, zima taa.

Tunatengeneza filamu fupi ya askari aliyerudi kutoka Somalia. Tunataka kutumia mbinu hiyo ya feni. Tuanzie wapi? (Kikundi cha vijana, Nanyuki)

Msiige helikopta. Tafuteni kitu kilichomo chumbani mwake ambacho sauti au umbo lake linakaribiana na kitu cha kule: jenereta ya jirani na injini ya gari la kivita, au bati linalopigwa na upepo. Sauti ya vita isiyo na mwenzake chumbani itasikika kama muziki wa kutisha tu.

Kama ni lazima iwe feni, piga fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa mwanga kuingia kwa kila fremu) sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa zitapepesa mkitumia kasi nyingine ovyo. Iwekeni kasi ya chini kabisa. Feni ya mapanga matatu ikizidi mizunguko 250 kwa dakika, kwenye fremu 25 itaonekana inazunguka kinyumenyume, na hilo halirekebishiki kwenye kompyuta.

Picha ya juu ipunguzeni ukolevu (opacity) hadi asilimia 40 au 50, iingie taratibu kwa sekunde tatu hadi nne. Zikichafuka, kosa huwa ni kupandanisha picha mbili zenye mwanga kila mahali. Moja iwe na eneo kubwa jeusi; uso umulikwe upande mmoja tu, na moto au vumbi likae kwenye giza lililobaki.

Sauti itangulie picha kwa sekunde mbili au zaidi. Helikopta ya Huey ina panga la mikono miwili linalozunguka mara 324 kwa dakika, yaani mapigo karibu 11 kila sekunde, na hayo ni ya haraka mno kwa ndoto. Murch na wenzake waliiunda sauti yao kwa sintesaiza ili waivute watakavyo. Nanyi vuteni ya jenereta mpaka ilingane na kitu kinachoonekana kikizunguka.

Ni kweli Sheen alijikata kweli kwenye kioo cha chumba kile cha hoteli? (Msomaji, Bukoba)

Kweli. Ilikuwa Agosti 1976, siku alipotimiza miaka 36, naye alikuwa amelewa. Kukipiga kioo ngumi hakukupangwa. Damu ni yake, na ni yeye aliyetaka kamera iendelee. Machi 1977 alipata shambulio la moyo wakiwa bado wanapiga filamu Ufilipino. Sioni cha kuiga hapo. Nunueni karatasi ya kioo ya plastiki, mkate picha ngumi inapofika, sauti ya kupasuka imalizie.

Tahadhari moja kwa vijana wa Nanyuki: jina la ugonjwa huu wa kiwewe (PTSD) liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya filamu hii, na vigezo vyake vya leo vinataka dalili zidumu zaidi ya mwezi. Nyingi ni za kimya: kukosa usingizi, kushtuka mlango ukibamizwa, kukwepa njia au watu fulani. Askari wenu akikaa kila mara ameupa mlango uso, hamtahitaji chupa wala kioo.