Mkuu, usilipe hiyo Ijumaa

Usilipe. Umeandika kwamba dalali amekupa mpaka Ijumaa uweke milioni 8 za kiwanja Chanika, la sivyo anampa mteja mwingine, na unauliza uchukue mkopo wa kazini au uvunje akiba, umwambie mkeo sasa au mpaka hati itoke. Nilikuwa nimeshalala, nimeamka kukujibu. Mwaka 2017 na mimi niliambiwa kuna mteja yuko njiani anatoka Mwanza na hela mkononi. Hakuwahi kuwepo.

Sikukurupuka. Niliuliza watu wanne. Dalali akasema eneo halina shida. Muuzaji, kijana mpole, akasema ni urithi wake kutoka kwa baba. Ofisi ya mtaa wakasema kijana anafahamika, leteni mashahidi, toeni ya ofisi, mhuri upo. Binamu yangu, ambaye ndiye aliyenikutanisha na dalali, akaniambia ardhi haishuki bei, bahati haiji mara mbili. Wote wanne wakasema nunua, nikaona jambo limeshapimwa.

Sasa wahesabu upya. Dalali ana asilimia 10 yake. Muuzaji anasubiri hela. Ofisi nayo ina ya kwake. Binamu, nilikuja kujua baadaye, aliahidiwa laki 2. Wote walikuwa wanakula sahani moja.

Hatua kama 20 kutoka kwenye kile kiwanja kulikuwa na mama anauza vitumbua. Mara zote tatu nilizokwenda kukagua nilikaa kwenye benchi lake, nikanywa chai yake ya rangi huku naangalia minyaa ya mpakani na makaburi mawili chini ya mwembe, moja udongo bado mwekundu, halijaota hata jani. Sikumuuliza kitu. Dalali alishaniwahi: "Shemeji, majirani wa hapa wana wivu, usiongee nao, watakuharibia." Maneno hayo yakinijia mpaka leo napandwa na hasira. Mtu anakukataza kuongea na jirani ambaye utaishi naye, utaomba kwake chumvi, atakuzika! Na nilimtii.

Nililipa milioni 6.5, mkopo wa mshahara, makato miezi 48. Wiki ya pili nikashusha tofali 300. Kesho yake nimefika, nakuta wazee wawili na dada yake yule kijana wamekaa juu ya tofali zangu. Watoto wa marehemu walikuwa saba. Baba yao ana miezi mitano tu kaburini, lile lile lenye udongo mwekundu. Hakuna aliyekuwa amekwenda Mahakama ya Mwanzo kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na bila msimamizi hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu, hata awe kifungua mimba. Tulifika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, karatasi yangu ya mauziano ina mhuri na mashahidi sita, haikunisaidia chochote. Kijana alishahama, namba ya dalali haipatikani. Makato yakaendelea mpaka 2021.

Siku ile natoka kuchukua tofali zangu nilipita kwa yule mama. Akanifungia vitumbua kwenye gazeti, akasema taratibu: "Kuna mwenzako alikuja kabla yako, baba. Yeye aliniuliza, nikamwambia, akaondoka. Wewe hukuniuliza."

Tangu hapo, jambo lolote kubwa nachukua karatasi. Naandika jina la kila niliyemuuliza, na mbele ya jina naandika anapata nini nikikubali. Kama hakuna hata jina moja lenye sifuri, bado sijauliza mtu. Mwaka juzi nilishawishiwa niache kazi nifuge kuku. Nikaandika majina: anayenishawishi anauza vifaranga, rafiki yake anauza chakula cha kuku. Nikamtafuta mama mmoja aliyefuga akaacha, hana cha kuniuzia. Akanionyesha banda tupu na daftari la hesabu zake, ukurasa kwa ukurasa. Niko kazini mpaka leo.

Kwako wewe: kama kiwanja kimepimwa, omba upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki na kama kina rehani au zuio. Kama hakijapimwa, daftari lako ni majirani. Waulize wote wanaopakana nacho, mmoja mmoja, nani alikuwa analima hapa na yuko wapi sasa. Ukisikia neno urithi, dai barua ya uteuzi wa msimamizi, kisha uende nayo mwenyewe kwenye mahakama iliyoitoa. Usikubali picha ya WhatsApp.

Leo Jumanne. Kesho panda gari la kwanza la Chanika, peke yako, dalali akipiga simu usipokee. Tafuta anayeuza chai karibu na hapo, kaa kwenye benchi lake, umuulize.