Baada ya Madaktari wa Ngozi Kuondoka

SWALI: Daktari, pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni katibu wa kikundi cha kujitolea. Madaktari bingwa wa ngozi wamekubali kuja kwetu siku moja kuona wagonjwa bila malipo, na wenzangu wanataka tupime mafanikio kwa idadi ya watu watakaoonwa. Nina wasiwasi, kwa sababu zoezi lililopita liliwaacha watu na karatasi za dawa wasizozipata, na wengi walioambiwa wana upele walianza kujikuna tena kabla ya mwezi kwisha. Safari hii tufanyeje?

JIBU: Ndugu Katibu, wasiwasi wako ni wa haki, nami niko upande wako. Nimeshiriki mazoezi ya namna hiyo mara nyingi, na yaliyoniumiza ni yale tuliyojivunia foleni ndefu huku tukijua kwamba hakuna mtu wa eneo lile atakayemfuatilia mgonjwa hata mmoja.

Chukua huo upele. Ni ugonjwa wa utitiri, wadudu wadogo mno wanaochimba ndani ya ngozi na kuhama kutoka mtu hadi mtu kwa kugusana kwa muda, hasa kati ya watu wanaolala pamoja. Mtu aliyeambukizwa kwa mara ya kwanza anaweza kukaa wiki kadhaa kabla ya kuanza kuwashwa, na kwa hiyo mama anayerudi nyumbani na tyubu moja ya dawa kwa ajili ya mtoto anayejikuna amewaacha wengine wenye wadudu bila tiba, na mtoto ataambukizwa upya. Wote wa nyumba hiyo hutibiwa kwa wakati mmoja, nguo na matandiko yakafuliwa, na kwa kawaida tiba hurudiwa baada ya wiki moja au mbili, wakati madaktari wageni wameshaondoka. Waelezwe pia kwamba mwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa hata wadudu wakiwa wamekufa, wasije wakajipaka dawa kupita kiasi kwa kudhani imeshindwa. Katika utafiti uliofanyika visiwani Fiji na kuchapishwa mwaka 2015, jamii nzima ilipopewa vidonge vya ivermektini, dawa inayoua wadudu hao, wenye upele walipungua kutoka takriban 32 hadi 2 kati ya kila watu 100 katika muda wa mwaka mmoja. Siri ilikuwa kuwafikia wote, wanaojikuna na wasiojikuna, ukiacha wale wasioruhusiwa dawa hiyo kama wajawazito na watoto wadogo, ambao walipewa krimu.

Kwa hiyo, kabla ya kupanga viti na turubai, zungumzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Waombeni madaktari wakae na wauguzi na wahudumu wa afya wa jamii mbele ya wagonjwa, wawaonyeshe kwa macho na kwa mikono: baka lililopauka lisilohisi mguso wa pamba linaweza kuwa ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure duniani tangu mwaka 1995, fangasi iliyopakwa krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho, hufifia kingo zake na kusambaa kimyakimya, uvimbe unaoonekana mwekundu kwenye ngozi nyeupe huweza kuonekana wa zambarau au kijivu kwenye ngozi nyeusi. Kituo cha mafunzo ya ngozi kilichofunguliwa Moshi, Tanzania, mwaka 1992 kimesimama juu ya wazo hilohilo, kwa kuwafundisha matabibu wa nchi nyingi za Afrika kutibu ngozi pale ambapo bingwa hayupo.

Orodha ya dawa ipelekwe mapema, na iandikwe dawa zinazopatikana kituoni. Wekeni pazia, kwa maana mtu mwenye mbalanga au vidonda sehemu za siri hatavua nguo mbele ya jirani zake. Na tafadhali, picha zisipigwe ovyo: mgonjwa aulizwe, na akikataa atibiwe kama wengine.

Hesabuni, ndiyo, lakini hesabuni wangapi walirudi kwa dozi ya pili na wangapi waliopewa rufaa walifika hospitali.

SWALI: Daktari, nina ngozi nyeusi. Je, kuna haja ya kwenda kwenye uchunguzi wa bure wa saratani ya ngozi?

JIBU: Dada yangu, ikiwa una alama mpya au inayobadilika, au kidonda kisichopona, nenda. Chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani kimeendesha uchunguzi wa namna hiyo kwa kujitolea tangu mwaka 1985. Ufahamu, hata hivyo, kwamba daktari hapo anatazama tu: akitilia shaka alama fulani, jibu la hakika hutokana na kipande cha ngozi kinachochunguzwa kwa hadubini, kwa hiyo usiipuuze karatasi ya rufaa. Melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, ni nadra kwa watu weusi, lakini inapotokea hupenda kujificha kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, na mara nyingi hugunduliwa ikiwa imechelewa. Ondoa rangi ya kucha kabla ya kwenda, na ukifika vua viatu hata kama hujaambiwa.