Kampuni ya satelaiti ikifilisika, meli inayozama itamwita nani?

Mkuu, umeuliza satelaiti hizi ambazo meli inaitia msaada ikipata dharura ni za kampuni binafsi, sasa siku mwenyewe akifilisika au akiona huduma ya dharura haimlipi, mabaharia wanabaki na nani. Nimefanya kazi kama ofisa wa sitaha kwenye meli za mizigo, vifaa vya dharura vikiwa mikononi mwangu, kwa hiyo nijibu ninavyojua.

Inmarsat, moja ya kampuni za satelaiti hizo, haikuanza kama biashara. Ilianza 1979 ikiwa taasisi ya serikali za nchi mbalimbali, kwa ajili ya meli. Ilipobinafsishwa 1999, serikali hizo zilibakiza chombo kidogo pale London, IMSO, kinachoibana kampuni kwa mkataba isije ikaitupa huduma ya dharura. Na kampuni haiingii kwenye huduma hiyo ya dharura hivihivi: lazima kwanza itambuliwe na IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, na moja ya masharti ni mtandao upatikane asilimia 99.9 ya muda. Kwa mwaka mzima ni kama saa tisa tu za kukatika.

Hofu yako ya kufilisika si ya bure. Iridium, kampuni nyingine ya satelaiti, ilifilisika 1999 hiyohiyo. Ikanunuliwa, ikasimama tena, lakini IMO ilikuja kuitambua 2018, na huduma yake ya dharura ikaanza mwishoni mwa 2020. Miaka yote hiyo Inmarsat ilikuwa peke yake, na IMSO ilikuwa kama refa mwenye timu moja uwanjani: ikikosea utaitoa, halafu nani acheze? Kwa mtazamo wangu huo ndio udhaifu mkubwa uliokuwepo, kuliko hata suala la bei. BeiDou, mtandao wa satelaiti wa China, nao ulitambuliwa 2022.

Kwenye chumba cha kuongozea meli, mambo yote haya unayaona kwenye kisanduku cha Inmarsat C. Kitufe chekundu chini ya kifuniko, unakishikilia mpaka taa ikubali, ujumbe unakwenda kituo cha uokoaji na meli haitozwi kitu. Pembeni kuna printa inayotoa maonyo ya usalama kwa mabaharia. Bahari imegawanywa kwa maeneo ya maonyo hayo, na pwani yetu iko NAVAREA VIII, mratibu wake India. Usiku uko zamu, printa inaanza kulia, unachana karatasi, unasoma, unaweka alama kwenye ramani, unasaini, unaifungia kwenye faili. Kipindi cha maharamia wa Somalia karatasi zile zilikuwa nyingi kweli.

Nimemsikia mwenye meli mmoja akihoji kwa nini agharamie mtambo ule wakati vijana vyumbani wana Starlink, intaneti ya satelaiti. Starlink ni nzuri kwa kuongea na familia, ila haimo kwenye orodha ya waliotambuliwa kwa dharura, na IMSO haina mkataba nayo. Siku ikizima, hakuna wa kumuuliza.

IMSO pia ndiyo inaratibu LRIT, ule mfumo wa meli kutuma mahali ilipo kila baada ya saa sita. EPIRB, kile kifaa cha redio kinachotuma ishara ya dharura chombo kikizama, usiichanganye humu, hiyo iko chini ya Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa satelaiti za uokoaji, kivyake kabisa.

Ila kama unauliza kwa ajili ya jahazi au boti ya uvuvi, ujue masharti haya kwa meli za mizigo yanaanzia tani 300, tena zinazosafiri kimataifa. Wewe nunua EPIRB ya 406 MHz, uisajili kwa namba ya simu ya mtu atakayepokea usiku, na uangalie tarehe ya betri kabla hujalipa.