Niliuza magazeti stendi ya Bagamoyo, naomba nijibu hili la Hearst na Fitch

Mleta uzi kauliza mawili, nayarudia kwa faida ya anayeingia sasa. La kwanza: imekuwaje Hearst, kampuni ya Marekani tunayoijua kwa magazeti na majarida ya mitindo kama Cosmopolitan, ndiyo inayomiliki Fitch, kampuni inayopima kama nchi na makampuni yanaweza kulipa madeni yao, wale walioipa Tanzania alama ya B+ ya kukopesheka mwaka 2023? La pili: mtu wa kawaida anaweza kununua hisa zake? Mdau mmoja hapo juu kashajibu kuwa huu ni mtandao wa siri wa kuitawala dunia. Mkuu, punguza. Hii ni hesabu ya dukani, na mimi nimeipiga kwa hasara yangu mwenyewe.

Sijasoma uchumi. Nimeuza magazeti stendi miaka tisa. Furushi lilikuwa linashuka na gari la alfajiri kutoka Dar, limefungwa kamba ya plastiki inayokata vidole. Nakata kamba, napanga kwenye ubao, nabana kwa vibanio vya nguo maana upepo wa bahari hauna adabu. Ikifika saa tatu asubuhi wamesimama watu kumi na tano wanasoma vichwa vya habari bure na kubishana, walionunua wawili. Adhuhuri ikipita, mteja anakuuliza "hili la leo?" huku tarehe anaiona. Saa kumi jioni gazeti la leo na kibua wa jana ni ndugu, ila kibua utamkaanga.

Yasiyouzwa yalirudi kwa wakala. Masika mmoja mvua ilinikuta sina turubai, nakala thelathini na nne zikalowa pembeni tu, yaani pembeni. Wakala akazikataa zote. Nikalipa mimi, halafu nikamuuzia mama wa karanga kwa kilo. Siku ile ndiyo nilielewa kuwa nauza kitu kinachooza.

Baadaye nikafungua kijiduka na kuanza kulipia watu ving'amuzi. Aise, ni dunia nyingine. Yule yule aliyekuwa anasoma gazeti bure ananigongea dirisha saa tatu usiku nimlipie kifurushi kwa sababu kesho Simba na Yanga. Simbembelezi. Mwezi ujao atarudi mwenyewe, na akichelewa skrini itamkumbusha. Tena nikigeuka nyuma kwenye rafu, unga wa ngano Azam, juisi Azam, maji Azam. Boti ya kwenda Unguja Azam. Ukitoka hapa mjini ukashika njia ya Msata, pale Makurunge kuna mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, cha Bakhresa, mwenye Azam huyo huyo. Azam Media ilianza 2013, unga umeshawalisha miaka mingi, na 2021 wakaweka mezani zaidi ya shilingi bilioni 225 kwa miaka kumi ya kuonyesha ligi. Marehemu Mengi naye hakuishi kwa ITV na Nipashe peke yake, kule Moshi alikuwa na Bonite anajaza soda na maji ya Kilimanjaro. Kwa hiyo kwetu hapa si ajabu mwenye habari kuwa na kiwanda. Cha Hearst kinashangaza kwa sababu kiwanda chenyewe hakionekani kwenye rafu.

Turudi nyuma kidogo. Mzee George Hearst alikuwa mtu wa migodi ya fedha na dhahabu. Gazeti la San Francisco Examiner lilimfikia 1880, inasimuliwa kuwa ni kufidia deni la kamari. Mwanawe William Randolph akalichukua 1887. Tangu siku ya kwanza, basi, gazeti lilikuwa linakula kwa jasho la mgodi. Kijana akaongeza magazeti mji baada ya mji, majarida, redio, filamu, kasri la San Simeon juu ya kilima, na vitu vya sanaa hadi maghala yakajaa. Ilipofika 1937 madeni yakamkaba, uongozi wa fedha ukatoka mikononi mwake na ile sanaa ikaanza kupigwa mnada. Alifariki 1951.

Sasa njoo kwenye jambo ambalo kwangu ndilo jibu lenyewe. Mwaka 1903 Hearst alianzisha jarida la magari, linaitwa MOTOR. Jarida la kawaida tu la wenye magari, enzi ambazo gari lilikuwa kitu cha kwenda kuangalia. Lakini ukiandika magari miaka na miaka unabaki na kitu ambacho msomaji wa kawaida hakitaki na fundi anakitaka sana: gari hili spea yake ipi, kazi hii inachukua saa ngapi, waya huu unaenda wapi. Leo MOTOR inauza taarifa hizo kwa gereji na kampuni za bima. Jarida limeoza jioni kama gazeti langu, taarifa iliyokuwa ndani yake ikabaki dukani inauzwa tena na tena.

Ukishaiona hiyo, mengine yote yanajipanga yenyewe. Mwaka 1980 wakanunua First Databank. Kazi yake ni kuweka taarifa za dawa ndani ya kompyuta za maduka ya dawa na hospitali, ili mfamasia akitaka kutoa dawa mbili zinazogombana apate onyo. Mwaka 2016 wakachukua CAMP Systems, ambayo inafuatilia ndege binafsi: kipuri gani kimefikia muda wa kubadilishwa, ukaguzi gani unakuja lini. Wana pia Black Book, ya bei za magari yaliyotumika. Kwa ufupi, wametafuta watu wasioweza kuahirisha kulipa. Mimi nikikosa hela naacha gazeti, hata kifurushi naacha nikaangalie mpira kwa jirani. Mwenye ndege hawezi kusema mwezi huu hali ngumu, tutaikagua kwa macho.

Na Fitch? Watu wanaiona kama benki au idara ya serikali fulani. Ilianza New York miaka ya 1910 kama mchapishaji wa vitabu vya takwimu za hisa na hati fungani. Wachapaji kama wachapaji wengine! Zile herufi kuanzia AAA kushuka hadi D walizianzisha 1924. Hearst wakaingia 2006 kwa asilimia 20, wakawa wanaongeza kidogo kidogo, na 2018 wakamalizia asilimia 20 ya mwisho kwa dola bilioni 2.8. Kwa hiyo kampuni ya uchapishaji ilinunua kampuni iliyozaliwa kwenye uchapishaji. Siri iko wapi hapo?

Kuna kitu kimoja kwenye Fitch kinanikera, nakisema. Kwa kawaida anayepimwa ndiye anayelipia kupimwa. Fikiria pale soko la samaki, mwenye samaki ndiye amlipe mwenye mizani. Mwaka 2008 tuliona, Fitch na wenzake wawili wakubwa walikuwa wamezipa alama za juu hati za mikopo ya nyumba Marekani, zikaporomoka. Sasa mwenye mizani ana magazeti pia. Sidai kwamba kuna mhariri anayepigiwa simu. Nasema tu mimi nikisoma habari ya Fitch kwenye gazeti la nyumba hiyo, naisoma nikiwa nimesimama, kama wateja wangu wa asubuhi.

Kwa aliyeandika kuwa Hearst wameachana na habari: hapana. San Francisco Chronicle na Houston Chronicle ni yao, vituo vya televisheni wana zaidi ya thelathini, na 2025 wamenunua Dallas Morning News. Wakati wenzao wanauza au kufunga, wao wananunua. Ukiwa na mlipaji wa kila mwezi huko nyuma unaweza kumbembeleza mlipaji wa asubuhi. Mimi nilikuwa na ubao mmoja na vibanio, mvua moja ikanimaliza.

La hisa sasa. Huwezi, mkuu, hata ukiuza shamba la Kiwangwa lote na mananasi yake. Mzee William Randolph aliacha wosia, mali ikawekwa chini ya kitu kama wakfu wa familia. Wadhamini kumi na watatu, watano wanafamilia, wanane wa nje, ili damu isiizidi kura biashara. Wakfu huo unaisha atakapofariki wa mwisho kati ya wanafamilia waliokuwa hai siku mzee anakufa, 1951. Wapo ambao siku ile walikuwa watoto wadogo, kwa hiyo usikae kibarazani ukisubiri. Na kwa kuwa haiko sokoni, hawalazimiki kuanika vitabu vyao. Wengi wetu tunaambulia barua ya bosi wao, Steven Swartz, anayoitoa kila mwaka.

Kama ni lazima uguse kitu kinachopakana nao, 1990 Hearst walinunua asilimia 20 ya ESPN, televisheni ya michezo ya Marekani, na mshirika mkubwa mle ndani ni Disney. Hiyo Disney ipo soko la hisa la New York. Utahitaji dalali anayekubali mteja kutoka huku, na hapo mimi si mtu wa kuulizwa, nina wateja wa kifurushi dirishani.