Maji ya kisima yanarudi bomba la mtaa

Ndugu, nimekuelewa: hapo Dar umeunganisha kisima na bomba la DAWASA (mamlaka ya maji ya jiji), sasa jirani anapata maji ya chumvi. Maji ya mtaa yakikatika, pampu yako inasukuma ya kisima yarudi huko. Funga koki ya muungano leo hii.

Chekivalvu (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu) inasaidia, mshale wa ubavuni uelekee nyumbani. Ila siiamini peke yake: yangu ilinasa kipande cha tepu nyeupe ya fundi, ikabaki wazi. Bora maji ya DAWASA yamwagike kwenye tangi kutoka juu, bomba lisiguse maji. Kwenye mita usichokonoe, nenda ofisi yao ya eneo. Kibali cha kisima kaulize Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Shimo la choo likiwa karibu na kisima, maji yake yapimwe maabara kwanza.