Je, Mungu wa Agano la Kale Siye Baba wa Yesu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mwanafunzi huku Ujerumani. Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi anafundisha kwamba Agano la Kale ni vitabu vya Wayahudi, Mungu wake ni wa ghadhabu, na Mkristo asivisome. Mama yangu alifariki mwezi wa nne, nami nilikuwa nikijifariji kwa Zaburi. Sasa naogopa kuzifungua. Je, natenda dhambi?

JIBU: Amina, binti yangu. Pole sana kwa msiba, tena ukiwa mbali na ndugu. Hutendi dhambi yoyote. Anayepotoka ni huyo anayekufundisha, na sitamung'unya maneno, maana fundisho hilo limekwisha kuleta maafa hapo hapo ulipo.

Si jipya. Marcion, mwalimu wa karne ya pili, alilihubiri Roma, na kanisa likamtenga mwaka 144. Alipomaliza kukata alichokiona cha Kiyahudi, alibaki na Luka iliyopunguzwa na nyaraka kumi za Paulo. Mwaka 1939 wanatheolojia wa Kiprotestanti walifungua taasisi mjini Eisenach, huko huko Ujerumani, ili kufuta kila athari ya Kiyahudi kanisani. Walitoa Agano Jipya lililopogolewa, na kitabu cha nyimbo kisicho na hata neno "Haleluya". Miaka hiyo hiyo dola yao ya Kinazi iliwaua Wayahudi kwa mamilioni. Kiongozi wako anajua anatembea katika njia ya nani?

Kristo alipoulizwa amri iliyo kuu, alijibu kwa ungamo la kila Myahudi: "Sikia, Israeli, Bwana Mungu wetu ni Bwana mmoja." Amri ya kumpenda jirani aliitoa Walawi 19, sura ambayo pia inaagiza mgeni apendwe kama mzaliwa. Huyo anayeitwa wa ghadhabu ndiye aliyeamuru mtumwa, na hata punda, wapumzike siku ya Sabato. Ziko habari ngumu, kama vita vya Yoshua, na hizo zisomwe kwa uangalifu. Kuzichana si kuzielewa.

Nchi za Magharibi nazo zimekula sana kwenye meza hiyo ya Maandiko ya Wayahudi. Kengele ya Philadelphia, Marekani, waliyoifanya alama yao wapinga utumwa, ina maneno ya Walawi 25:10 ya kutangaza uhuru. Martin Luther King, mjini Washington mwaka 1963, alidai haki kwa maneno ya Amosi. Inaniuma kwamba waliolishwa hivyo waliwageukia wenye meza, yaani Wayahudi: Paris, mwaka 1242, nakala za Talmud, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wao, ziliteketezwa hadharani.

Sasa wewe mwenyewe. Usiingie kwenye mabishano ukiwa na majonzi mabichi. Tafuta ushirika mwingine. Soma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila kulaumiwa, kisha ya 22, aliyoililia Yesu msalabani. Ukilia katikati ya mstari, acha, endelea kesho. Na jioni moja kila juma piga simu nyumbani, msome pamoja na ndugu zako, kwa sababu nao wamefiwa na mama.